Gramu 30 za mkiani

Ukinunua ndege ya rimoti mtumba, usiamini alama utakazozikuta chini ya mabawa. Yangu ilikuwa na doti mbili za kalamu nyekundu, moja kila upande wa kiwiliwili, na aliyeniuzia alinionyesha pale pale barazani kwake Kisauni. Akatia ncha za vidole chini ya doti, akainyanyua, ndege ikatulia bila kuinama mbele wala nyuma. "Waona? Mizani iko sawa." Nikatoa shilingi 14,000, nikapewa ndege, rimoti yake, betri mbili na chaja, nikaondoka na furaha yangu.

Hakunidanganya kusudi, sidhani. Zile doti zilionyesha mahali ndege ilipokuwa ikilingana. Hazikuonyesha mahali ilipotakiwa kulingana, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Aliyezichora aliifuata ndege, badala ya kuifanya ndege ifuate kipimo.

Ni ndege ya kujifunzia: bawa moja la mstatili lililokaa juu ya kiwiliwili, mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha. Imetengenezwa kwa povu gumu, jamaa ya lile la masanduku ya samaki ila hili halimeguki chembechembe. Mota ya umeme iko puani. Servo, yaani vimota vidogo vinavyosogeza vipande vya kuongozea, ni nne: mbili za eleroni (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto), moja ya eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na moja ya usukani. Ikiwa na betri tumboni ina gramu 1,200. Nilipima kwa mizani ya jikoni, na mwenye jiko hakupendezwa kuona mkia wa ndege juu ya unga wake wa mahamri.

Nikiwa bado sijairusha, shida ilikuwa mahali. Kisiwani Mombasa hakuna nafasi. Tononoka na Makadara hakukosi watu, na Uwanja wa Ndege wa Moi uko hapo Changamwe tu, ndege kubwa zinashuka juu ya vichwa vyetu kutwa. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake, na zinasimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ushauri wangu ni uende ukawaulize kabla hujatoa pesa kununua, kwa sababu kuna maswala ya kibali, umbali na viwanja vya ndege, na watu na barabara. Mimi nilipata shamba la jamaa yangu kule Kikambala, mbali na njia ya ndege na mbali na nyumba. Kufika huko ni matatu ya barabara ya Malindi, na makanga ataitoza nauli sanduku la ndege. Usibishane naye. Kiti kimoja ni rahisi kuliko kuifunga juu ya keria.

Siku ya kwanza haikufika hata dakika moja. Binamu yangu aliirusha kwa mkono kuelekea upepo. Ilipotoka mkononi tu, pua ikapanda. Nikasukuma stiki mbele kidogo, ikapiga mbizi. Nikavuta kidogo, ikasimama wima, ikapoteza mwendo, bawa la kushoto likaanguka, na ndege nzima ikaja chini ikizunguka. Kila nilichofanya kilizidi mara tatu ya nilivyokusudia. Watoto wa shamba waliokuwa wamekaa kwenye mnazi ulioanguka walishangilia, wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Propela shilingi 600, mota mpya 2,800 kwa sababu ekseli ilipinda, gundi 400, na pua iliyopasuka ikanichukua jioni kadhaa.

Nilidhani ni mkono wangu. Binamu naye alidhani ni mkono wangu, na alilisema hilo ndani ya matatu, kwa sauti, hadi Nyali.

Kilichonifumbua macho ni rula. Kwa ndege ya namna hii, kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapolingana, huwekwa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa langu lina upana wa milimita 200, kwa hiyo kitovu kilitakiwa kiwe kati ya milimita 50 na 66. Nikapima zile doti nyekundu. Zilikuwa kwenye 78, yaani asilimia 39.

Milimita 12 kupita kikomo ni unene wa kidole tu, ila hapo ndipo ndege inapobadilika tabia. Kitovu kikikaa mbele vya kutosha, pua ikiinuliwa na upepo, mkia wenyewe huirudisha. Kadiri kinavyorudi nyuma, ule urudishaji hupungua, na kikipita kiwango fulani hugeuka: pua ikiinuka inaendelea kuinuka yenyewe, haraka kuliko mkono wa mtu. Warushaji wa zamani husema yenye pua nzito huruka vibaya, na yenye mkia mzito huruka mara moja tu, basi.

Kupima kwa vidole hakutoshi. Nilimwomba seremala kipande cha ubao, nikatoboa matundu mawili yaliyoachana kidogo zaidi ya upana wa kiwiliwili, nikasimamisha penseli mbili zenye raba juu. Hicho ndicho kipimo changu mpaka leo. Ndege yenye bawa la juu hupimwa ikiwa imesimama kawaida, kiwiliwili kikining'inia kati ya penseli. Yenye bawa la chini hupinduliwa chali, la sivyo itapinduka yenyewe kila ukiiachia. Na ipimwe ikiwa imekamilika: betri ndani, propela imefungwa, kifuniko kimerudishwa, hata magurudumu. Nimewahi kumwona mtu akipima bila betri kisha akashangaa.

Nikachora alama mpya kwenye milimita 60, nikaiweka juu ya raba. Mkia ukaanguka mezani kwa kishindo. Hapo nilikuwa Mji wa Kale, kwa ami yangu, ambaye maisha yake yote amekuwa akiunda na kukarabati mashua, na alikuwa akinitazama muda wote bila kusema kitu.

"Hini yalemea tezi, mwanangu," akasema, yaani nyuma ya chombo. "Jahazi likilemea tezi hulishiki, hata usukani uwe mwema vipi."

"Nitie uzito mbele, ami?"

"Tia, ujue wataka kiasi gani. Usiuache humo." Akaniletea machubwi ya mshipi wake kwenye kopo la maziwa.

Nikayafunga kwa tepu puani, moja baada ya jingine, mpaka ndege ikalala sawa. Nikayatoa, nikayapima: gramu 86. Hesabu inakubaliana. Ndege ya gramu 1,200 iliyokosea kwa milimita 18 inataka 1,200 mara 18, yaani 21,600. Puani ni kama milimita 250 mbele ya kitovu, na 21,600 ukigawa kwa 250 ni gramu 86 na kitu. (Machubwi ni madini ya risasi matupu, osha mikono kabla hujala.)

Ningeweza kuyaacha pale nikaenda zangu. Lakini gramu 86 ni uzito unaobebwa bure, na ndege nzito hutaka mwendo mkubwa zaidi ili isimame hewani, hivyo hata kutua hutua kwa kasi. Ami akauliza swali ambalo mimi sikuliuliza: "Uzito wa nyuma umetoka wapi? Kiwandani hawaifanyi hivi."

Tukachubua tepu nyeupe ya mkiani. Chini yake kulikuwa na kipande cha plaiwudi na donge la epoksi, kumbe mkia ulishawahi kuvunjika. Ami akalichonga taratibu kwa patasi nyembamba mpaka likatoka zima. Gramu 30. Mkia uko kama milimita 600 nyuma ya kitovu, kwa hiyo hizo 30 peke yake zilikuwa zimekirudisha kitovu nyuma milimita 15. Kila gramu ya mkiani inadai gramu 2.4 puani. Anayekarabati mkia na auogope uzito wa gundi yake.

Tukaunga upya kwa ufito mwembamba wa mwanzi na gundi kidogo sana, gramu 8. Kisha nikaisogeza betri mbele kama milimita 44. Ina gramu 190, ndicho kitu kizito kuliko vyote kinachoweza kuhama. Ndege ikalala sawa kwenye 60, bila hata chubwi moja. Niliyarudisha kopo lote.

Mizani ya kushoto na kulia ni ya haraka. Ishike kwa ekseli ya propela mbele na kwa ncha ya mkia nyuma, uone bawa lipi linashuka. Langu la kulia lilishuka, nikabandika sarafu ya shilingi kumi ndani ya ncha ya kushoto.

Kisha unyoofu. Nilifunga uzi mkiani, nikaupeleka kwenye ncha ya bawa la kulia, kisha la kushoto. Haukulingana, bawa lilikuwa limekaa upogo kidogo. Simama nyuma ya ndege uhakikishe bawa dogo la mkia liko sambamba na kubwa. Povu likijipinda hunyooka kwa mvuke wa birika, ukilishika hivyo mpaka lipoe. Mvuke ule ule ndio ukumbusho kwamba gari lililofungwa vioo juani Mombasa hufanya kazi hiyo hiyo bila kuombwa, na gundi ya moto huachia. Usiiache ndege garini.

Kitu kimoja ambacho hupaswi kunyoosha ni mota. Ukiitazama kutoka juu utaiona imeelekea kulia kidogo, na kutoka ubavuni imeinama chini, nyuzi (digrii) mbili hivi kila upande. Fundi aliyenisaidia kuchomelea nyaya za mota mpya alitaka kuinyoosha kwa kuniwekea washa, kwa nia njema kabisa. Imeinamishwa makusudi, kupunguza ndege kuvutwa kushoto na kupandisha pua unapoongeza moto, yaani nguvu ya mota.

Sehemu ya rimoti ndiyo inayochosha, na ndiyo inayorukwa na wengi. Rudisha trimu zote, vile virekebisho vidogo vya kando ya stiki, kwenye sifuri. Tazama kila mkono wa servo kama umesimama wima kwa fimbo yake (waya unaosukuma eleroni au eleveta), ukiwa haujasimama, fungua skrubu uuhamishe jino moja. Baada ya hapo ndipo unyooshe eleroni na eleveta kwa kuzungusha vibanio vya fimbo. Ukianza kwa kunyoosha kwa trimu, utafika uwanjani trimu zimekwisha. Mwendo ukizidi, hamisha fimbo kwenye tundu la ndani zaidi la mkono wa servo au la nje zaidi upande wa eleveta. Mimi niliweka milimita 10 juu na chini kwa eleroni, 12 kwa eleveta, 20 kwa usukani.

Kulainisha stiki katikati, ili mguso mdogo usiishtue ndege, nimeweka asilimia 30, na hapo kuna mtego. Kwenye rimoti za Futaba kulainisha ni namba hasi, kwenye Spektrum ni chanya. Ukikosea alama, stiki inakuwa kali pale pale ulipotaka iwe laini. Jaribu kwa jicho: sukuma stiki kidogo tu uone eleveta inaamka taratibu au inaruka.

Mwelekeo uukague ukiwa nyuma ya ndege, daima. Shika stiki, kidole gumba kikisimama juu yake, uipeleke kulia: gumba linaelekea upande wa eleroni inayopaswa kupanda. Stiki kulia, eleroni ya kulia juu. Ukivuta stiki kwako, eleveta ipande. Usukani uende upande ule ule wa stiki. Mimi huyasema kwa sauti kabla ya kila mruko, na binamu hucheka, lakini eleroni zilizogeuka hazikupi nafasi ya pili.

Propela niliitoa kwa majaribio yote haya, na nashukuru, kwa sababu nilipozima rimoti kuona ndege itafanya nini ikipoteza mawimbi, mota iliendelea kuzunguka nusu mwendo, mezani, karibu na mkono wangu. Aliyeiunganisha risiva (kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya ndege) na rimoti mwanzo alikuwa na stiki ya moto katikati, nayo ikahifadhi hivyo hivyo. Nikaiunganisha upya moto ukiwa chini kabisa. Sasa rimoti ikizimwa mota inanyamaza. Ukirudisha propela, maandishi yake yatazame mbele, upande ndege inakoelekea. Mpangilio ni huu: rimoti iwashwe kwanza, betri ya ndege ifuate, na wakati wa kuzima betri ndiyo hutangulia.

Kipimo cha mawimbi nilikifanya shambani. Weka rimoti kwenye nguvu ndogo ya majaribio, uende hatua 30, mwenzako akitazama servo. Nyaya mbili za antena za risiva nilizilaza moja ikiwa na pembe ya nyuzi 90 kwa nyingine, mbali na betri.

Upepo ndio uliobaki. Wakati wa kusi, ukifika mchana shamba la Kikambala halifai kwa ndege ya gramu 1,200. Tulikwenda alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka, minazi ikiwa haitikisi hata kuti. Betri ilikuwa imejaa, volti 12.6. Kwanza binamu aliirusha bila moto, kwenye majani marefu, kutoka kimo cha bega. Ikateleza mbele, ikashuka taratibu, ikalala. Akaniangalia, hakusema kitu. Kisha kwa moto.

Ilipanda yenyewe. Nikaizungusha mzunguko mpana, nikaongeza trimu ya eleroni vibofyo viwili kulia, nikaachia stiki, na ndege ikaendelea kwenda. Mikono ilikuwa ikinitetemeka mpaka binamu akaniambia nikae chini. Sikukaa.

Baadaye, nilipozoea, nilifanya jaribio la mbizi. Panda juu sana, zima moto, elekeza pua chini kwa nyuzi 45, achia stiki. Ikijiinua kwa nguvu, kitovu kiko mbele mno. Ikizidi kuzama, kiko nyuma mno, irudishe chini mara moja usiruke tena. Yangu ilijiinua kwa nguvu kuliko nilivyopenda, hivyo nikairudisha betri nyuma kidogo, kitovu kikafika 63. Nimeiacha hapo.

Kwa anayeanza pale nilipoanzia, jitengee fedha za betri na propela kabla ya kitu kingine chochote. Propela tatu za akiba si nyingi. Betri za lithiamu usizichaji ukalala, na usizihifadhi zikiwa zimejaa. Kama huruki wiki hii, zirudishe volti 3.8 kwa kila seli. Chumvi ya hewa yetu hula viunganishi, vikianza ukijani vibadilishe, usivikwangue ukaendelea.

Betri mpya niliyoiagiza ina gramu 215, si 190 kama za mwanzo. Juu ya penseli ilibidi ikae nyuma kidogo kuliko zile. Kwa hiyo nimechora mistari miwili sakafuni mwa tumbo la ndege kwa kalamu nyeusi, mmoja wa betri nyepesi na mmoja wa nzito, na kila betri nimeiandikia mstari wake. Doti nyekundu nimezifuta kwa spiriti.